Kizingiti cha Jikoni

Ilipofika saa sita kasorobo, Vendula alikuwa amekwisha kwenda dirishani mara kumi na moja, na mama yake alikuwa amezihesabu zote.

"Kumi na moja," alisema mama Drahomíra bila kugeuka kutoka kwenye sinki. "Utalichana pazia la watu bure."

"Naangalia mvua, mama."

"Mvua gani? Jua linawaka tangu alfajiri. Sema unamwangalia daktari wako, tujue moja."

Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, siku ambayo wanaume wa Moravia hupita nyumba hadi nyumba na fito za mwerebi zilizosukwa, wakiwachapa wanawake miguuni kwa mzaha, ati wabaki na afya mwaka mzima. Wanawake nao hushukuru kwa yai la rangi, kikombe kidogo cha slivovice, pombe kali ya plamu, na utepe wa kufunga kwenye ufito. Utepe una maneno yake. Wa kijani ni urafiki, wa bluu ni matumaini, wa njano ni nenda zako. Vendula alikuwa na mwekundu mfukoni mwa aproni tangu saa moja asubuhi, na kwa jinsi alivyoushikashika, ulikuwa umekunjamana vibaya.

Wajomba walikuja, wakala, wakanywa, wakaondoka. Jirani mwenye mguu mbovu alikuja. Hata yule mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tatu, ambaye huchapa kama anayepangusa vumbi, alikuja. Wote walipewa tepe za kijani. Radovan, yule daktari, hakuonekana.

Kengele ya kanisa ikapiga saa sita. Vendula akahisi moyo unamshuka hadi kwenye kandambili. Baada ya saa sita mwanaume hana haki tena ya kuchapa mtu, na akithubutu kubisha hodi, mwanamke ana haki ya kumfanya atakavyo.

Saa sita na dakika saba, hodi ikabishwa.

"Mimi nafungua," alisema mama Drahomíra, na kabla Vendula hajamzuia, alikuwa ameshanyanyua beseni la maji ya kusuuzia.

Kikasikika kishindo cha maji, kisha kimya, kisha sauti ya mwanaume anayejaribu kupumua.

"Mama!" Vendula alipiga kelele.

"Saa sita imepita! Sheria ni sheria!"

Radovan alikuwa amesimama kwenye kizulia cha mlangoni, nywele zimemlalia usoni, maji yakimchuruzika kutoka kwenye tai. Mkono wa kulia alikuwa ameuinua juu, ameokoa ufito wake usilowe.

"Kwetu Slovakia, mama," alisema akitema maji, "wanaomwaga maji siku ya leo ni sisi wanaume."

"Basi leo umeonja wanayoonja dada zako. Ingia, usije ukanifia mlangoni wakanisema. Vendulka, mletee shati la baba yako."

Radovan alipotoka bafuni amevaa shati la mirabamiraba lililombana mabegani, Vendula alikuwa akimngoja kwenye ujia. Walitazamana. Vendula alikuwa amepanga kumnunia kidogo, walau dakika tano, lakini yale macho ya kijivu yalimtazama kwa namna ya mtu aliyefika nyumbani baada ya safari ndefu, na ile dakika ya kwanza ya kununa ikamshinda.

"Umechelewa," alisema kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa kwa Jikoni tangu saa kumi na mbili."

"Na?"

"Amefika kizingitini. Amenusa. Amekula karoti zote nilizomnyooshea. Akarudi nyuma."

Vendula akafumba macho. Akautoa utepe mwekundu mfukoni, akaufunga kwenye ufito wa Radovan taratibu, na vidole vyao vikakutana kwenye fundo. Radovan hakuviondoa vyake. Jikoni kwenyewe, mama Drahomíra akaanza kupanga vyombo kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika, ili wajue kwamba hasikilizi.

Huyo Jikoni waliyekuwa wakimzungumzia hakuwa chumba cha kupikia. Alikuwa tembo. Alipoletwa kwenye bustani ya wanyama ya mji kutoka Afrika akiwa na miaka mitatu, gazeti la mji liliwaomba wasomaji wamchagulie jina la Kiafrika, na bibi mmoja akapekua kamusi akalikuta neno hilo, akaliona tamu. Likashinda kwa kura. Hakuna aliyeuliza maana yake, na kwa miaka kumi na sita watu wazima wa Moravia wamekuwa wakisimama kwenye uzio na kuita "Jikoni! Jikoni!" kama wenye njaa.

Aliyemlea ni Bohumír Hrabec, baba yake Vendula. Mzee Hrabec alikuwa mtunza tembo kwa miaka thelathini na moja, wa wakati ule ambapo mtu aliingia ndani kwa tembo na kusimama kati ya miguu yao, na fimbo yenye ndoano ya chuma mkononi. Kisha utaratibu ukabadilika. Sasa mtunzaji hubaki upande wake wa nondo na tembo upande wake, kila jambo huombwa kwa karoti, na tembo akikataa, amekataa. Mzee Hrabec alisema huo si utunzaji, ni kuuza gengeni. Alistaafu mwaka huohuo, akamwachia ufunguo binti yake, aliyekuwa msaidizi wake.

Kisha akaja Radovan, daktari wa uzazi wa wanyama, kijana wa Bardejov. Wasimulizi wengine wangependa niseme kwamba mapenzi yao yalianzia kwenye bustani ya waridi. Yalianzia kwenye mkojo wa tembo. Kila alfajiri, kwa mwaka mzima na nusu, mmoja alishika tochi na mwingine upawa wenye mpini mrefu, wakingoja Jikoni ajisikie, ili Radovan apime siku zake za joto. Watu wawili wakisimama kimya hivyo kila alfajiri, wamegusana mabega kwa sababu ya baridi, kuna siku mmoja atageuza uso.

Vipimo vilisema jambo moja. Jikoni alikuwa na miaka kumi na tisa, hajawahi kuona dume, na tembo jike anayekaa bustanini bila kuzaa, mji wake wa mimba huanza kufunga mapema. Tena tangu Oktoba, mwenzake mzee alipokufa, alikuwa peke yake. Alikuwa akisimama pembeni akiyumba kulia na kushoto, kulia na kushoto, saa nzima. Wale wanaopanga uzazi wa tembo wa bustani zote za Ulaya wakamtafutia nafasi kusini mwa Hispania, kwenye majike tisa na dume mmoja. Lori lingekuja Jumatano. Radovan angekwenda naye na kubaki huko, na alikuwa amemwomba Vendula waende pamoja.

Tatizo lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa kubwa kama Jikoni mwenyewe. Kwa wiki nane hakukubali kuvuka kizingiti cha kontena la safari. Asipovuka kufikia Jumatano, nafasi ingepewa tembo mwingine. Radovan alikuwa amekwisha kutia sahihi mkataba wa kazi ya huko, angeondoka. Na Vendula alikuwa amejiapiza kwamba hatamwacha yule mnyama ayumbe peke yake pembeni ya ukuta.

"Asipopanda?" aliuliza sasa pale kwenye ujia.

"Nitakuja kila likizo."

"Radovan."

"Najua," alisema, akaliweka paji la uso wake lenye maji kwenye paji la uso la Vendula. "Najua. Usinifanye nilie ndani ya shati la baba yako."

Mlango wa nje ukafunguka.

Mzee Hrabec alikuwa ametoka kuzunguka nyumba saba, na kila nyumba ilikuwa imemkirimu kikombe. Uso ulikuwa mwekundu, kofia imekaa upande, na ufito wake mrefu ulikuwa na tepe nyingi hadi unainama. Alianza kuimba, akamwona mgeni, wimbo ukamfia mdomoni.

"Hilo shati," alisema.

"Nimempa mimi," mama Drahomíra alidakia. "Amelowa."

"Amechukua tembo wangu. Anamtaka binti yangu. Sasa shati." Aliketi mezani kwa uzito. "Mfungulie na kabati, Drahuška. Bado kuna viatu."

"Heri ya Pasaka, mzee Hrabec," Radovan alisema akisimama wima.

"Kaa. Utalipasua. Una mabega kama mlango."

Wakaketi. Nyama ya moshi ikakatwa, mayai yakamenywa. Vendula alikuwa akimtazama baba yake akitia chumvi yai lake kwa vile vidole vitatu vilivyobaki, kwani viwili vilikatwa na lango la chuma zamani, na akampenda na kumwogopa kwa pamoja, kama siku zote.

"Baba," alisema. "Jumatano nakwenda na Radovan."

Mzee aliendelea kutia chumvi.

"Jikoni akishika mimba, atabeba miezi ishirini na miwili. Nataka niwepo mpaka azae. Halafu baada ya hapo sijui. Nataka..." Alisukuma sahani kando. "Nataka unipe baraka yako, baba. Siwezi kuondoka kama mwizi."

"Baraka." Mzee aliliweka yai chini. "Mtu anakuja na vichupa vyake vya mkojo, anampimia tembo wangu siku zake kama kuhani, anamfungia virago. Halafu binti yangu ananiomba baraka. Sikiliza, Vendulka. Mkitoka kwenye mlango ule, mimi sitakuja kukuaga. Usigeuze shingo kunitafuta."

"Bohumír!" mkewe alisema.

"Lakini sina wasiwasi," aliendelea, na sasa alikuwa akimtazama Radovan. "Kwa sababu hamwendi popote. Jikoni hatapanda."

"Unajuaje?" Radovan aliuliza kwa upole.

"Namjua."

"Mzee, kama kuna kitu unakijua, nakuomba..."

"Unaniomba! Wiki nane unamlisha karoti mpaka anajamba rangi ya machungwa, na leo ndiyo unaniomba?" Alisimama, akanyakua kofia na ufito wake. "Yule anafuata sauti moja tu. Twendeni. Twendeni muone mwenye tembo ni nani."

Bustani ya wanyama haikuwa mbali, dakika kumi kwa miguu kupitia bustani ya miti ya plamu, na mzee alitembea mbele peke yake kama anayeongoza gwaride. Radovan na Vendula walifuata nyuma. Radovan alikuwa ameuchukua ufito wake bila kufikiri, kama wanaume wote wa siku ile wanavyotembea na fito zao mpaka jioni.

"Samahani," Vendula alimnong'oneza. "Akinywa huwa mbogo."

"Hajanywa sana. Ana uchungu."

"Unamtetea?"

"Ningekuwa na binti kama wewe," alisema Radovan, "ningemficha daktari asimwone kabisa." Vendula alimpiga ngumi ndogo begani, na ngumi hiyo ikasahau kuondoka.

Nyuma ya nyumba ya tembo palikuwa na utulivu. Kelele za watoto wa sikukuu zilisikika upande wa pili, kwa nyani. Jikoni alikuwa ndani, kwenye mchanga mzito uliomwagwa nyumba nzima ili miguu yake isiumizwe na saruji. Mwisho wa ukumbi, mlango wa kontena ulikuwa wazi, na kizingiti chake cha chuma kiking'aa kwa jua lililopita dirishani.

Alikuwa akiyumba. Alipomwona Vendula aliacha, akaja na masikio wazi, akaupitisha mkonga kati ya nondo kumpekua mifuko.

"Jikoni!" mzee Hrabec aliita.

Ilikuwa sauti yake ya kazi, ambayo Vendula hakuwa ameisikia kwa miaka miwili. Ilipita ukumbini kama mlango unaobamizwa. Mkonga ukatoka mfukoni mwa Vendula ghafla. Tembo akageuka, akamwona mzee, akauona ufito mkononi mwake wenye tepe zote zile, na papo hapo akainua mguu wa mbele wa kulia, akaushikilia hewani.

"Mmeona?" Mzee alicheka, macho yaking'aa machozi. "Miaka miwili! Ananisalimia. Mtoto wangu ananikumbuka!"

 Vendula alikuwa akiutazama ule mguu uliotundikwa hewani. Ulikuwa unatetemeka. Masikio yalikuwa yamelala shingoni, na nyuma yake mchanga ulikuwa ukilowa. Jikoni alikuwa amejikojolea. Radovan aliona pia. Vendula alimwona akifungua mdomo, kisha akaufunga, na akamshukuru kimoyomoyo kwa neno ambalo hakulisema.

"Shusha," mzee alisema, na mguu ukashuka. "Haya. Njoo kwa baba."

Hakuja. Alibaki palepale, na mkonga wake ukaanza kutafutatafuta upande mwingine, kwa Radovan, aliyekuwa amesimama hatua tatu pembeni na ufito wake umening'inia mkononi. Ukaugusa ufito. Ukaunusa kwa starehe, mwerebi mbichi wa asubuhi, ukamnyang'anya. Jikoni akaukanyaga kidogo, akauchana ule utepe mwekundu akautema mchangani, na msuko wote akausukuma mdomoni, akatafuna macho nusu yamefumbwa.

"Utepe wangu," Radovan alisema kwa sauti ndogo.

 Mzee Hrabec alitazama ufito wake mwenyewe, kisha akatazama taya zile zikisaga. Ni mwerebi uleule, wa mto uleule. Akapiga hatua moja mbele, akaupenyeza wa kwake kati ya nondo, ncha mbele, taratibu kama anayempa mtoto mchanga kijiko.

"Chukua," alisema. "Ni majani tu, mama. Ni Pasaka. Chukua."

Jikoni aliacha kutafuna. Akarudi nyuma, hatua baada ya hatua, tani tatu za mnyama, mpaka makalio yakagota ukutani, na mguu wa kulia ukainuka tena bila kuamriwa.

 Mkono wa mzee ulibaki umenyooka ndani ya nondo.

"Alikuwa hatafuni mbele yangu," alisema hatimaye. "Miaka yote. Nilidhani ni adabu."

"Mzee," Radovan alisema, "mimi hajawahi kuniona na kitu kingine zaidi ya karoti. Ni hilo tu. Wewe ndiye uliyemlaza kifuani alipokuwa na homa, amenisimulia Vendula. Hilo nalo analijua."

Mzee hakumgeukia. Aliutoa ufito, akautazama kama kitu alichookota njiani, akautupa kwenye toroli la samadi, tepe na yote. Kisha akavua kofia.

"Kile chuma," alisema, akinyoosha kidole kwenye kizingiti cha kontena. "Ni mimi."

"Ni wewe vipi, baba?"

"Alikuwa na miaka mitano. Lango lilibaki wazi, akatoka mbio mpaka kwenye njia ya wageni. Kulikuwa na mama mmoja na kigari cha mtoto. Ilibaki nafasi hii tu." Alionyesha kwa vidole vyake vitatu. "Kama angemgusa yule mtoto, wangempiga risasi siku hiyohiyo. Kwa hiyo nikamfundisha. Zamani milango yote hapa ilikuwa na vizingiti vya chuma, mchanga haukuwepo. Siku sita, kutoka asubuhi mpaka jioni. Kila akikanyaga chuma bila ruhusa yangu, ndoano. Nyuma ya sikio, pale ngozi ni laini. Siku ya saba hakukanyaga tena."

Vendula aliisikia damu ikimpanda masikioni. Kwa miaka yote sita aliyofanya kazi pale, alikuwa akipita juu ya vyuma vile vilivyozikwa mchangani, na hakuwahi kujua.

"Ulijua," alisema. "Wiki nane! Nilikuwa narudi nyumbani nalia, unanimiminia chai, unaniuliza Jikoni anaendeleaje. Na ulikuwa unajua!"

"Nilijua."

"Kwa nini, baba?"

Mzee aliifinyanga kofia. Alionekana mfupi kuliko alivyoingia.

"Asipopanda, usingekwenda," alisema. "Nilisikia ukimwambia mama yako. Nikaona sihitaji kusema uongo wowote. Ninyamaze tu."

Kuna hasira ambayo Vendula alikuwa akiitunza tangu utoto, na alidhani siku ikitoka itavunja madirisha. Ilipotoka, ilikuja kama kwikwi tu. Radovan alimsogelea, akasita kwa ajili ya mzee, kisha akamshika mkono mbele ya macho ya baba yake, waziwazi, na hakumwachia.

"Kuna neno la kumruhusu," mzee alisema. "Nikilitamka, atavuka sasa hivi."

"Atavuka kwa kuogopa," alijibu Radovan.

"Ndiyo."

"Basi silitaki, mzee. Samahani. Hata kama ni Jumatano."

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza siku ile kama mtu anayemtazama mtu. Alivua koti, akalitundika kwenye msumari.

"Sepetu ziko palepale?" aliuliza. "Basi leteni mchanga. Chuma asichokiona si chuma."

Wakamfungia Jikoni upande wa pili wa lango la nondo, wakafanya kazi watatu, Radovan na toroli, Vendula na mzee na sepetu. Walizika kizingiti. Wakamwaga mchanga ndani ya kontena mpaka katikati, wakausawazisha kwa miguu, na mzee akapiga magoti kuondoa kwa kiganja ncha moja ya chuma iliyokuwa bado inachungulia. Shati la mirabamiraba lilipasuka mgongoni kwa kishindo. Mzee alisikia, akaendelea kufukia. 

"Sasa nifanye nini?" aliuliza.

"Keti, mzee. Usimwite."

"Mpaka lini?"

"Mpaka atake."

Mzee Hrabec aligeuza ndoo, akaketi, mikono katikati ya magoti. Kwa mtu aliyetoa amri miaka thelathini na moja, nadhani kazi yote ya sepetu ilikuwa nyepesi kuliko hiyo. Lango likafunguliwa. Vendula alikwenda upande wa mbele wa kontena, nje ya nondo, akiwa na mkate wa Pasaka aliotoka nao mezani na matawi mabichi ya mwerebi.

Dakika kumi zikapita. Ishirini. Jikoni alikuja, akafika mahali pa kizingiti, akasimama. Mkonga ukapapasa mchanga huku na huku, ukitafuta kile alichokijua kipo. Ukapuliza. Akainua mguu, akaurudisha. Mzee alikuwa ameuma kofia.

Mguu wa kwanza ukakanyaga mchanga, ukazama kidogo. Akangoja. Vendula alijua anangoja maumivu, nyuma ya sikio, pale ngozi ni laini. Hayakuja. Mguu wa pili. Kisha tembo akashusha pumzi ndefu iliyotikisa mabati ya kontena, akaingiza wa tatu, akaingiza wa nne, akanyoosha mkonga mpaka kwenye mikono ya Vendula na kuuchukua mkate.

"Yote minne," Radovan alinong'ona. "Vendulka. Yote minne."

Vendula alikuwa akilia na kucheka, makombo yamemjaa mikononi. Jikoni alikula, akazungusha macho, akatoka kinyumenyume, na baada ya dakika akaingia tena mwenyewe, kwa ajili ya matawi.

Walipotoka kwenye nondo, mzee alikuwa bado kwenye ndoo. Vendula alichuchumaa mbele yake.

"Baba."

"Ulipokuwa mdogo," mzee alisema akiangalia mchanga, "nilikuwa nakuita mara moja tu. Wenzangu watoto wao wanaitwa mara tano. Wewe mara moja, unakuja mbio, popote ulipo. Nilikuwa najisifu baa."

"Nakumbuka."

"Ulikuwa unakuja kwa nini?"

Angeweza kumwambia uongo mzuri. Ilikuwa sikukuu, na mzee alikuwa na macho ya mtu anayeomba uongo. Lakini nyuma yake Jikoni alikuwa akivunja matawi kwa raha zake, na Vendula hakuweza.

"Siku nyingine kwa kukupenda," alisema. "Siku nyingine kwa kukuogopa. Siku nyingi sikujua ni ipi."

Mzee aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama aliyesomewa kipimo alichokwisha kukikisia. Aliinuka kwa shida. Radovan alitaka kumsaidia, mzee akakubali kiwiko chake.

"Jumatano nendeni," alisema. "Nyote watatu. Baraka unayo. Kuwaaga nitakuja, kama mama yako atanipa shati." Akamgeukia Radovan. "Hilo libaki nalo. Limeshakuwa tambara."

Alichukua koti lake, akavaa kofia, akaelekea mlangoni. Siku zote, wakitoka mahali popote, angefika mlangoni na kupaza ile sauti: Vendulka, twende! Alifika. Alisimama, mkono kwenye kitasa, akiwa amewapa mgongo. Mabega yalipanda kwa pumzi, Vendula akajikuta amejikaza, akingoja.

Mzee hakuita. Alifungua mlango, akatoka, akauacha wazi.

Vendula alimtazama Radovan. Radovan akampisha njia, akatabasamu. Vendula akafuta makombo kwenye sketi, akatoka kwenye jua kali la alasiri, akamfuata baba yake bila haraka mpaka akamfikia chini ya miti ya plamu, akamshika mkono wenye vidole vitatu.